Okidi ya siku moja: mmea mmoja, nyumba tatu

Mmea wenyewe ulikuwa mmoja. Ulinunuliwa kwa muuza miche wa Dar es Salaam, ukafika Mwanza ukiwa fungu lenye mashina ya kutosha, na mwenyewe, mwalimu mstaafu anayeishi Bwiru, akaugawa. Kipande kimoja alibaki nacho. Cha pili alimpa jirani wa ukuta mmoja. Cha tatu kilipanda meli kwenda Bukoba kwa mdogo wake.

Jirani alikifunga chake kwa kamba kwenye shina la mwembe, akakisahau. Yule wa Bukoba naye alikifunga mtini, uani, karibu na karo la kufulia. Cha mwalimu ndicho kilicholelewa: chungu chenye matundu ubavuni, mkaa uliovunjwavunjwa, kibaraza chenye paa na wavu wa mbu, maji kila asubuhi, mbolea ya maji kila baada ya wiki mbili. Misimu ikapita. Kwa jirani mmea ukachanua, ukachanua tena. Bukoba ndiyo usiseme. Kwa mwalimu majani yalikuwa mazuri kuliko ya wenzake wote, na ua hapakuwa na hata moja.

"Huyu wangu ni wa bweni," mwalimu alikuwa akisema. "Kazi yake kula na kulala."

Majibu yalikuwepo mengi kabla sijaitwa. Mdogo mtu alisema ni mvua: Bukoba inanyesha, Mwanza ni mawe na jua. Jirani alisema ni mbolea, mmea umedekezwa. Dada anayesaidia kazi pale nyumbani alisema mmea ni dume, kama mpapai dume, hautazaa hata uubembeleze vipi. Hilo la dume ndilo jepesi kuliondoa. Maua ya okidi hii yana sehemu ya kike na ya kiume katika ua lilelile, halafu vipande vyote vitatu vimekatwa kwenye fungu moja. Kimoja kikichanua, vyote vinaweza kuchanua. Kwa hiyo tatizo halikuwa kwenye mbegu ya mmea. Lilikuwa kwenye nyumba.

Okidi hii kwa jina la kitaalamu ni Dendrobium crumenatum, na Olof Swartz, Mswidi, ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1799. Kwao ni Asia ya Kusini-Mashariki. Singapore hujiotea yenyewe kwenye miti ya barabarani. Wengi huiita okidi ya njiwa, maana kitumba kilichokaribia kufunguka, ukikitazama ubavuni, unaona njiwa anaruka. Ua ni jeupe, upana wake kama sentimita 4, lina doa la njano mdomoni, na linanukia mpaka mpita njia anageuka kutafuta harufu inatoka wapi. Linafunguka asubuhi. Jioni limeanza kulegea, kesho yake limesinyaa. Uhai wake ni siku hiyo moja.

Ila kinachowashangaza wanaoifuga si ufupi wa maua, ni kwamba yanafunguka yote pamoja. Mtaa mzima wenye okidi hii unaweza kuchanua asubuhi moja, kisha ukakaa wiki nyingi bila ua. Watafiti waliofanya kazi Java miaka ya 1920 walishaeleza kinachotokea. Vitumba hukua polepole hadi hatua fulani, vikasimama. Vinaweza kukaa hivyo wiki hata miezi, vidogo, vimefichwa chini ya magamba makavu ya shina. Siku joto likishuka ghafla kwa nyuzi 5 au zaidi, kama linavyoshuka mvua kubwa ya radi inapopiga baada ya jua kali, vyote vinaamka kwa pamoja. Siku 9 baadaye vinafunguka, pengine ikatangulia siku moja au ikachelewa moja.

Ukilielewa hilo, unaacha kuuliza mmea umelishwa nini. Unauliza mmea ulihisi nini siku tisa zilizopita.

Hata hivyo sikutaka kuingia pale na jibu mfukoni. Niliangalia kwanza vitu vya kawaida, kwa sababu katika wateja kumi wanaoniletea malalamiko ya "haitoi maua" kitaluni kwangu, wengi wanahitaji tu kusogeza chungu kwenye mwanga. Kibaraza cha mwalimu kinatazama mashariki na kinapata jua mpaka kama saa nne. Majani yalikuwa ya kijani kilichokolea kuliko ninavyopenda. Okidi hii ikipata mwanga wa kutosha majani yake huelekea njanonjano kidogo. Mwanga basi ulikuwa mdogo, lakini si wa kuua maua. Maji ya bomba ya ziwani ni laini, hayana chumvi nyingi, kwa hiyo sikuyalaumu. Ukoko mweupe uliokuwa juu ya mkaa ulitoka kwenye mbolea. Wadudu gamba hakuna. Mizizi ilikuwa mizima, mieupe, na ncha zake mbichi.

Mbolea, jirani alikuwa na hoja. Kwenye mashina mawili palikuwa na vitoto: vimmea vidogo vyenye majani na mizizi yao, vimechipua juu ya shina pale ambapo mtu angetarajia kitu kingine. Okidi za ukoo huu hufanya hivyo zikipewa naitrojeni nyingi. Ni dalili ya shibe. Nilimwomba mwalimu apunguze iwe robo ya kiasi alichokuwa akitoa, mara moja kwa mwezi, na asitoe kabisa Juni hadi Agosti.

Kisha nikaona mikato.

Shina la okidi hii lina sehemu tatu, na ni lazima uzijue kabla ya kushika mkasi. Chini limevimba, lina mifereji, ndiko linakoweka akiba ya maji na chakula. Katikati ndiko kwenye majani, magumu, yamepangika huku na huku. Juu shina linakuwa jembamba sana, halina jani hata moja, rangi yake inafifia kuelekea kahawia, limefunikwa na vigamba vya karatasi. Sehemu hiyo ya juu inaweza kuwa ndefu kuliko hizo mbili nyingine. Asiyejua ataapa imekufa. Kwenye chungu cha mwalimu mashina karibu yote yaliishia pale jani la mwisho linapoishia, yamekatwa sawasawa, kwa mkato safi wa mtu mwenye mkono uliotulia.

"Nani anakata?"

"Mimi," mwalimu akasema. "Vile vijiti vya juu havina faida, vimekauka. Tena vinachafua sura ya chungu."

Vijiti hivyo ndiko maua yanakotoka. Si hivyo tu: pingili ileile ikishachanua leo inaweza kuchanua tena baadaye, mara nyingi, kwa hiyo hata shina kuukuu lililopoteza majani yote bado ni mali. Jirani hakukata kwa sababu ya uvivu. Bukoba hakukukatwa kitu kwa sababu shughuli ni nyingi. Mwalimu alikata kwa sababu anapenda usafi, na kila alipokata alikuwa anatupa maua ya msimu uliofuata kwenye ndoo ya takataka.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, na nakiri mwalimu mwenyewe alitamani tuishie hapo. "Basi nisikate. Tumemaliza." Lakini palikuwa na mashina mawili yaliyoponyoka mkasi kwa kuwa yalipenya nyuma ya nondo za dirisha. Yalikuwa marefu, na ncha zao zilikuwa nzima. Nikainua gamba moja kwa ukucha, taratibu. Chini yake palikuwa na kinundu cha kijani, kidogo kuliko punje ya mchele. Nikainua la pili, kipo. La tatu, kipo. Mashina hayo hayakuwahi kukatwa, yalikuwa na vitumba tayari, na bado hayakuwa yamechanua katika muda ambao jirani, mita chache kutoka pale, alishaona maua zaidi ya mara moja.

Punje ile ndiyo iliyoamua kesi. Mmea wenye njaa hautengenezi vitumba. Mmea ulio gizani hautengenezi vitumba. Huu ulikuwa umefanya kazi yake yote na ulikuwa unasubiri kuambiwa.

Nyumba nyingi za Bwiru zimekaa kwenye miamba, na ya mwalimu imeegemea jabali kubwa kiasi kwamba ukuta wa nyuma wa kibaraza ni jiwe lenyewe. Mchana kutwa jabali linakunywa jua. Usiku linalitoa. Mtu akikaa kibarazani saa mbili usiku mgongo wake unahisi joto la jiwe, na mwalimu anapapenda kwa sababu hiyo hasa, magoti hayamsumbui. Juu kuna bati lenye dari ya mbao. Mbele kuna wavu wa mbu unaopunguza upepo. Mvua ikikaribia, dada anakimbia kushusha turubai ili viti visilowe.

Tukanunua kipimajoto kwenye duka la pembejeo, kile cha bei ndogo wanachotundika kwenye banda la vifaranga, na kingine tukaazima kwa jirani anayefuga kuku. Kimoja tukakitundika kibarazani kando ya chungu, kingine kwenye mwembe wa jirani, karibu na okidi yake. Ilipokuja mvua ya mchana, ile ambayo kwanza ziwa linabadilika rangi, kisha upepo wa baridi unaanguka ghafla na mabati yanaanza kupiga kelele kabla hata tone halijafika, kipimajoto cha mwembeni kilitoka 28 kikashuka hadi 21 kabla mvua haijakatika. Cha kibarazani, nyuma ya turubai na mbele ya jabali, kilishuka nyuzi 2. Ndani ya kibaraza kile dhoruba ilikuwa ni sauti tu.

Mwalimu alifundisha jiografia, kwa hiyo hakuniachia. Mwanza iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, akasema, na kila usiku joto linashuka nyuzi 10 kutoka la mchana. Kama baridi ndiyo inayoamsha, mbona okidi ya jirani haichanui kila siku? Swali zuri. Ninavyolielewa mimi, kasi ndiyo yenye neno. Joto la kila usiku linateremka polepole kwa saa nyingi, na mmea unaishi nalo siku zote. Dhoruba ya mchana inaliangusha kwa dakika, wakati jani bado lina moto wa jua, na inaliangusha kwa hewa na kwa maji pamoja. Ndiyo maana mvua ya alfajiri, hata iwe kubwa namna gani, siiwekei matumaini makubwa kama ile ya saa tisa mchana.

Na Bukoba? Mdogo mtu hakukosea kuhusu mvua. Pepo za mashariki huvuka ziwa zikibeba unyevu na kuumwaga upande wa magharibi, na Bukoba hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mwanza. Mvua nyingi maana yake nafasi nyingi za kushtuliwa. Ila hoja hiyo inaeleza kwa nini Bukoba ilizidi, haielezi kwa nini kwa mwalimu ilikuwa sifuri wakati ng'ambo ya ukuta, chini ya wingu lilelile, maua yalikuwepo.

Mwisho wa kiangazi tukahamisha. Mwalimu alitaka mpera ulio mlangoni, nikakataa: mpera hubambua gome lake, na mizizi iliyoshika gome inaanguka nalo. Tukachagua mwembe wake mwenyewe, upande wa mashariki ambako matawi ya chini yalishapunguzwa na mwanga unaingia. Tukafunga kwa vipande vya soksi za nailoni, ambazo hazikati mizizi na zinavutika shina likinenepa. Hakuna udongo, hakuna samadi. Mizizi ya okidi hii inataka hewa, ikizibwa inaoza. Shina moja kati ya yale mawili marefu nililiacha kibarazani kwenye chungu, makusudi, na mwalimu akaapa hataligusa.

Vuli ikaanza. Mvua za kwanza zilikuwa za rasharasha na hazikuleta kitu. Kisha ikapiga ile ya mchana, mwalimu akaweka alama kwenye kalenda ya ukutani, na mimi nikarudi kwenye miche yangu.

Siku ya tisa alinipigia kabla ya saa moja asubuhi. Nilipofika nilikuta jirani naye yuko ukutani. Kwake mwembe ulikuwa umejaa, meupe kutoka shina hadi tawi la kwanza. Kwa mwalimu hayakuwa mengi, shina moja refu na vijiti viwili vipya, lakini yalikuwa wazi saa ileile. Harufu ilikuwa imelala uani kote, ile ya asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuma. Kibarazani, kwenye chungu, hakuna. Vile vinundu vilikuwa palepale chini ya magamba. Tukampigia mdogo mtu Bukoba: kwake hakuna pia, hawajapata dhoruba wiki hizo. Yake ilikuja kuchanua baadaye, siku ambayo Bwiru hapakuwa na ua hata moja.

Mtu anaweza kusema kwamba mmea uliohamishwa ulipata mwanga zaidi, upepo zaidi na mbolea kidogo, na pengine hayo ndiyo yaliyouponya. Nakubali kwamba yaliusaidia kunawiri. Lakini mwanga hauchagui tarehe. Vipande viwili kwenye viwanja viwili, kimoja kimesahauliwa miaka na kingine kimefungwa juzi, kuchanua asubuhi moja, na cha tatu ng'ambo ya ziwa kuchanua siku nyingine baada ya mvua yake mwenyewe, hilo ni la dhoruba.

Nyuki walikuja wengi. Hakuna kilichoshika. Mdogo wa mwalimu ana miche michache ya vanila, nayo ni okidi, na ua lake nalo halimalizi siku. Wakulima wa Kagera wanajua kwamba usipolichavusha asubuhi kwa kijiti umelipoteza. Ustadi huo wa kijiti dunia iliupata kwa Edmond Albius, kijana mtumwa wa kisiwa cha Réunion, mwaka 1841, akiwa na umri wa miaka 12. Mdogo mtu akaona ajaribu kijiti chake kwenye okidi ya njiwa. Maua yakaanguka kama yalivyo. Vanila hukubali chavua yake yenyewe ikisaidiwa. Hii hukataa, inataka ya mmea mwingine, na vipande vyao vyote vitatu ni mmea mmoja. Hapo ndipo unapoona faida ya kuchanua kwa pamoja. Ua la siku moja linalohitaji chavua ya mgeni halina budi kufunguka siku ambayo mgeni naye yuko wazi, na kwa kuwa dhoruba inapita juu ya wote, wote wanapata taarifa wakati mmoja. Vanila inafanya kinyume: kichala kinafungua ua moja moja, siku baada ya siku, na mkulima anazunguka shamba kila asubuhi kwa wiki kadhaa.

Tangu majirani waone maua yale, nimeulizwa mara kadhaa kama okidi hizi zinapatikana msituni. Za kwetu zipo, na kisiwa cha Rubondo kinasifika kwazo, ila Rubondo ni hifadhi ya taifa, kung'oa ni kosa. Halafu nyingi za kwetu zenye maua meupe hunukia usiku kwa ajili ya nondo, na maua yake hudumu wiki kadhaa. Ni furaha ya aina nyingine. Nunua kilichozalishwa kitaluni, au omba kipande kwa mtu. Okidi ya njiwa inagawanyika bila shida.

Kesi ilibaki na mkia. Mwalimu alikuwa na send-off ya binti wa kaka yake, Jumamosi, na akataka maua siku hiyohiyo. Nikamwambia mvua haikodishwi. Akanijibu, "Na barafu?" Ni kweli wapo wanaoamsha okidi hii kwa maji ya barafu. Tukahesabu kurudi nyuma siku tisa, tukaangukia Alhamisi ya wiki ya kabla. Alhamisi hiyo, saa nane mchana, jua likiwaka, kijana mmoja alileta mfuko wa barafu ya kuhifadhia sangara. Tukaiyeyusha kwenye ndoo ya maji safi na kuumwagia mmea kutoka juu, mara kadhaa, na kile chungu cha kibarazani tukakitoa nje nacho kikaoga.

Jumamosi ile mwembeni palifunguka machache, kwa sababu vitumba vingi vilikuwa vimetumika kwenye mvua ya vuli na vipya havijafikia hatua ya kusubiri. Chungu ndicho kilichotoa mengi. Kilikuwa na akiba ya misimu yote ambayo hakikuwahi kushtuliwa. Kilipelekwa ukumbini kikawekwa meza kuu, na wageni walipoingia jioni maua yalikuwa yameshaanza kuinama. Sherehe nyingine ikitokea, nimemshauri mwalimu iwe ya mchana.